Kliniki ya daktari wa familia: mama aliulizwa kuhusu usingizi

Nilimpeleka mama katika kliniki moja ya Nairobi kwa ajili ya shinikizo la damu, nikitarajia yale ya kila siku: kupimwa presha, kuandikiwa dawa, kurudi nyumbani. Daktari aliyetuhudumia ana shahada ya uzamili ya udaktari wa familia, mafunzo ambayo Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilianza kuyatoa mwaka 2005, na nadhani ndiyo yaliyomfanya aweke kalamu chini na kuuliza, “Mama, usingizi unaupata?” Kisha alimsomea kwa Kiswahili, bila haraka, maswali 9 ya dodoso la sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, liitwalo PHQ-9, yanayohusu wiki 2 zilizopita na kupewa alama 0 hadi 3 kila moja, akieleza kwamba jumla yake peke yake haitoshi kumwita mtu mgonjwa. Mama, ambaye nyumbani hulalamikia moyo kwenda mbio tu, alilia.

Kasoro kubwa ni faragha. Pazia jembamba ndilo lililotutenganisha na foleni, ilhali swali la 9, linalogusa mawazo ya kufa, halipaswi kusikika na walioketi kwenye benchi. Ada nayo si ndogo. Tumepangiwa kurudi, na safari hii mama ameomba aingie peke yake.