Kabla Hujanunua Bakteria wa Kuku, Uliza Kopo Limelala Wapi

Machi nilinunua kopo la bakteria rafiki (probiotiki, wa kusaidia utumbo wa kuku) lililokuwa rafuni, chini kabisa ya bati, kwenye duka ambalo saa saba mchana hata muuzaji hukaa nje. Kuku wangu mia tatu wakaendelea kuhara. Nilikuwa nawanywesha maiti.

Wasomaji wanaotafuta viongeza kinga vya kuku huniuliza bei na vijiko vingapi kwa ndoo. Mimi nataka jina la bakteria. Lactobacillus ni mdeko: joto humuua, klorini ya maji ya bomba humuua, na ile OTC (oksitetrasaikilini, dawa ya kuua bakteria) unayotia kwenye maji hayohayo inammalizia. Bacillus hujifunga ndani ya spora, yaani ganda gumu la kujikinga, anastahimili hata joto la mashine ya peleti za chakula, kisha anaamka tumboni mwa kuku.

Ndiyo maana kati ya viongeza kinga, namba moja kwangu ni Clostat ya kampuni ya Kemin, na sioni haya kuipendelea. Ina Bacillus PB6, anayembana Clostridium perfringens, yule bakteria mchubuaji wa utumbo.

Namba mbili ni kinasa sumukuvu, cha kuchanganya kwenye chakula ili kinase sumu za ukungu. Mtauliza, sumukuvu na kinga wapi na wapi? Pasua kuku aliyekufa, tazama mgongoni mwa tundu la haja. Kuna kitezi mviringo kiitwacho bursa, ndimo seli za kutengeneza kingamwili zinamokomaa. Aflatoksini, sumukuvu ya mahindi mabovu, hukisinyaza, chanjo ya ugonjwa wa Gumboro haishiki vizuri, halafu tunamgombeza mchanjaji. Bentonaiti, aina ya udongo, hunasa aflatoksini vizuri, lakini sumukuvu nyingine nyingi huiponyoka. Muulize muuzaji kinasa chake kinanasa ipi. Akisema "zote", rudisha pesa mfukoni.

Tatu, asidi za kutia kwenye maji, kama fomiki. Zinasaidia dhidi ya Salmonella, ila vinyweshio vya chuma vitaota kutu.

Kitunguu saumu na mlonge? Wape kwa kiasi, hawatadhurika.

Kinachonikera ni hawa wanaofungua mfuko wa kilo 25 na kutupimia kwenye rambo, bila tarehe ya kuisha wala namba ya toleo, halafu kwa kilo wanauza ghali kuliko mfuko mzima! Na "busta" yao ya vitamini, geuza pakiti usome maandishi madogo: mara nyingi kuna oksitetrasaikilini humo. Juzi mmoja aliniuzia busta hiyo pamoja na bakteria, akanishauri nivichanganye ndoo moja.