Vifaranga dume wa ngege: je, ile pesa ya ziada ina maana?

Vituo vya kutotolesha samaki huku Kisumu, Siaya na Busia huuza vifaranga wa ngege (tilapia) walio dume watupu, kwa bei inayozidi ya wale wa mchanganyiko. Jibu letu ni kwamba nunua, ila kwa masharti.

Ngege jike hupevuka mapema mno bwawani, akiwa na gramu 30 hadi 50 tu, kisha hutaga kila baada ya wiki chache. Mayai huyaatamia mdomoni, na muda huo wote hali kitu. Ziwani yuko mbuta (sangara), samaki mla wenzake, wa kuwapunguza watoto. Bwawani kinachowazuia kuongezeka ni njaa na uhaba wa oksijeni, na hasara yote ni yako: miezi minane ya chakula, samaki tele, hata mmoja hazidi kiganja.

Udume huo unatokana na homoni ya kiume, miligramu 60 kwa kila kilo ya chakula, kwa siku 21 hadi 28 tangu kifaranga aanze kula. Kazi ikifanywa vizuri, dume hufika asilimia 95 au zaidi. Huharibika pale muuzaji anapozoa watoto kando ya bwawa bila kuwachuja kwa ukubwa. Waliokwisha kukua kidogo jinsia yao imeshajipanga, na homoni haiwageuzi tena. Kwa hiyo muulize anawachuja vipi na amewalisha siku ngapi. Akisitasita, ondoka. Wanaoogopa kula homoni wajue kwamba dawa hukoma mapema, na samaki huvuliwa miezi kadhaa baadaye.

Udhaifu mkubwa wa bidhaa hii ni kwamba huwezi kuikagua siku ya kununua. Kifaranga wa gramu mbili haonyeshi jinsia kwa macho. Dai ahadi ya maandishi ya kufidiwa, kisha subiri wafike gramu 30. Vua 50, mpake kila mmoja wino chini ya tumbo, karibu na mkundu: dume ana matundu mawili, jike matatu. Ukipata majike zaidi ya watatu, rudi kwa muuzaji na ile karatasi.

Kabla ya kuweka vifaranga, kausha bwawa hadi tope lipasuke, kwa sababu vidimbwi vilivyobaki huficha ngege wa zamani. Mwaga chokaa ya shamba, kilo 10 hadi 20 kwa kila mita mraba 100, na ufunge wavu wa matundu madogo kwenye mfereji wa kuingizia maji. Bwawa la mita 15 kwa 20 litoshe vifaranga 900. Wakihema juu ya maji alfajiri, punguza mbolea na uingize maji mapya.

Vikundi vya wafugaji vina tatizo jingine ambalo kifaranga bora haliponyi, nalo ni mwenyekiti anayeshika peke yake ufunguo wa stoo, wavu na namba za wanunuzi. Rais wa nchi ana mihula miwili kwa Katiba. Wenyeviti wengine wa mabwawa hawajasikia habari hiyo. Wekeni kufuli mbili, kila ufunguo na mtu wake, na kila mwezi mpime samaki 30 mbele ya wanachama. Wastani ukiwa gramu 100, samaki 900 ni kilo 90, na kwa asilimia 3 ya uzito huo chakula cha siku ni kilo 2.7. Daftari likionyesha kilo 4 zimetoka, swali linajiuliza lenyewe.

Asiyeimudu bei ya dume anunue mchanganyiko na kuongeza kambare mmoja kwa kila ngege 10 hadi 20. Kambare aingie baadaye na awe mdogo kuliko ngege waliomo, la sivyo atawameza wao badala ya watoto wao.