Kahawa isiyo na kafeini nyumbani: ipi ununue kwanza ukiwa Uganda

Kabla ya bei, tazama tarehe. Kahawa isiyo na kafeini haina wanunuzi wengi, kwa hiyo kopo au pakiti hukaa sana rafuni. Ingiza mkono nyuma ya rafu, linganisha tarehe za kuisha, uchukue ya mbali zaidi. Halafu soma lebo. Nyingi zimetoka nje na lugha hubadilika: decaf na decaffeinated ni Kiingereza, entkoffeiniert ni Kijerumani, décaféiné ni Kifaransa, decaffeinato ni Kiitaliano. Maneno kama mild, light na smooth yanahusu ladha au ukaangaji. Kafeini bado imo.

Kafeini huondolewa kwenye punje mbichi, kiwandani, kwa maji, kwa kaboni dayoksaidi au kwa kiyeyushi cha kemikali, ndipo zikaangwe. Ndiyo maana kahawa iliyolimwa Masaka yaweza kuvuka bahari na kurudi Kampala kwa bei ya mgeni.

1. Ya kuyeyuka, kopo dogo

Wapenzi wa kahawa watanuna, lakini katika nyumba nyingi mnywaji wa decaf ni mmoja tu. Wengine wanaendelea na kahawa yao ya kawaida au chai. Pakiti ya kusagwa itamchakalia kabla hajaimaliza, ilhali ya kuyeyuka huvumilia miezi. Kikombe kinahitaji gramu 2 hivi, kijiko kimoja cha chai, kwa hiyo kopo la gramu 100 hutoa vikombe 50. Ukipata ya chembechembe ngumu zilizokaushwa kwa kugandishwa, chukua hiyo uache unga laini. Harufu yake hubaki vizuri zaidi.

Kanuni za Ulaya huruhusu kafeini isizidi asilimia 0.3 kwenye kahawa ya kuyeyuka, na za nchi kadhaa za huko, asilimia 0.1 kwenye iliyokaangwa. Usikimbilie tarakimu ndogo. Gramu 2 kwa asilimia 0.3 ni miligramu 6, ilhali gramu 12 za kusagwa kwa asilimia 0.1 ni miligramu 12. Kwenye kikombe, ya kuyeyuka ndiyo yenye kiwango kidogo.

Kinachoiua ni mvuke. Mtu hufungua kopo juu ya kikombe cha maji moto, anachota, anarudisha kijiko chenye unyevu. Baada ya wiki, hasa msimu wa mvua, kahawa imeshikana kama jiwe. Tia kahawa kwenye kikombe kikavu, funga kopo, ndipo umimine maji.

2. Iliyosagwa, pakiti ya gramu 200 hadi 250

Inafaa nyumba yenye wanywaji wawili au zaidi. Kwa gramu 12 kila kikombe, pakiti ya gramu 250 hutoa vikombe 20 tu. Linganisha bei kwa kikombe, si kwa pakiti: gawa bei kwa 20, na ile ya kopo kwa 50.

Pakiti iliyofyonzwa hewa huwa ngumu kama tofali. Ikiwa laini mkononi, hewa imeshaingia, irudishe rafuni. Punje za decaf zimeloweshwa na kukaushwa, kwa hiyo mafuta hujitokeza mapema na ladha hupungua haraka. Ukishafungua, maliza ndani ya wiki mbili. Usiweke kwenye friji, kwani kila ukiitoa hupata jasho.

Punje hizo pia huvunjika kuwa vumbi jingi zikisagwa, na vumbi huziba karatasi ya kuchujia. Maji yakikawia zaidi ya dakika tano, kikombe huwa kichungu. Mimina kidogo kidogo bila kukoroga, au tumia chujio la waya. Kuhusu moto, kwa sababu ya mwinuko, Kampala maji huchemka karibu nyuzi 96 na Kabale karibu 93. Ukiwa Kampala epua, ngoja dakika moja, ndipo umimine. Kabale mimina mara moja.

Kwa kahawa ya maziwa, chemsha maziwa kikombe kimoja, maji nusu kikombe na tangawizi iliyopondwa. Epua sufuria kwenye sigiri, ndipo utie gramu 15 za kahawa, funika dakika nne, chuja. Ikichemshwa pamoja na maziwa hutoa ladha ya majivu, na decaf haina nguvu ya kuificha.

3. Punje nzima

Ladha yake ndiyo bora, mradi una kisagio chako. Mashine ya sokoni imetoka kusaga kahawa ya kawaida ya mtu mwingine, pengine na viungo. Omba isage kwanza konzi moja ya kahawa yako, uitupe, ndipo isage iliyobaki. Punje za kupimiwa kwenye gunia usinunue: zikishakaangwa, jicho haliwezi kutofautisha decaf na ya kawaida.

Vidonge vya mashine, yaani vikopo vidogo vya kahawa vinavyotiwa kwenye mashine ya kahawa, vinamfaa mwenye mashine tayari, basi.

Usiache kahawa ya kawaida ghafla, kwa siku moja. Robusta, aina ambayo ndiyo sehemu kubwa ya kahawa ya Uganda, ina kafeini karibu maradufu ya aina ya arabika, na kichwa huanza kuuma saa 12 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho. Changanya vijiko vitatu vya kawaida na kimoja cha decaf kwa siku nne, kisha nusu kwa nusu, kisha kimoja kwa vitatu. Kichwa kikiuma, soma boksi la dawa kabla ya kumeza: kidonge kimoja cha Panadol Extra kina miligramu 65 za kafeini. Chai ya majani nayo inayo. Mchaichai na mujaaja, majani ya jamii ya mrehani, havina.