Biblia ya Jefferson: kuuona udeisti kwenye ncha ya kisu

Mdeisti huamini kwamba Mungu Muumba yupo, na kwamba akili na maumbile vinatosha kumjulisha, bila ufunuo wala miujiza. Maelezo haya ni mepesi kukariri na magumu kuyaona yakifanya kazi. Kwa hilo, hakuna kitabu kinachofaa kuliko nakala ya picha iliyotolewa na Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya Marekani, mwaka 2011, ya kile kiitwacho Biblia ya Jefferson.

Thomas Jefferson, rais wa 3 wa Marekani, alikikamilisha mwaka 1820 akiwa na miaka 77. Ni maisha na mafundisho ya Yesu aliyoyakata kwa kisu kutoka Injili, akiacha miujiza. Alichukua nakala sita za Agano Jipya: mbili zenye Kigiriki na Kilatini pamoja, mbili za Kifaransa, mbili za Kiingereza. Zilihitajika mbili-mbili kwa sababu karatasi imechapwa pande zote. Ukikata aya ya mbele, ya nyuma imeharibika. Vipande akavibandika kwa gundi kwenye kurasa tupu, lugha nne zikisomeka sambamba. Picha zimetoka safi: kingo za kila kipande unaziona, na mwandiko wake pembeni ukitaja aya ilikotoka.

Njia nzuri ya kukisoma ni kuweka Biblia ya Union Version pembeni na penseli mkononi. Mwanzoni Jefferson ameandika orodha ya aya alizozichukua. Zitie alama, kisha soma zilizobaki bila alama. Luka 2 anachukua aya ya 1 hadi 7, halafu anaruka hadi 21. Mtoto amelazwa horini, lakini malaika na wachungaji hawapo. Mwishoni jiwe linavingirishwa mlangoni pa kaburi, watu wanaondoka, na kitabu kimeisha. Hakuna ufufuo.

Ila tazama Yohana 9, maana hapo ndipo kisu kinapokwama. Wanafunzi wanauliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu huyu akazaliwa kipofu. Yesu anajibu kwamba ni ili kazi za Mungu zidhihirishwe ndani yake. Jefferson anaichukua aya hiyo ya 3, anaacha uponyaji wote, anakwenda sura ya 10. Kipofu amebaki kipofu, na zile kazi zilizotajwa hazionekani. Jibu limekatwa mguu, na hiyo ni kasoro ya kweli ya mbinu yake: mafundisho mengi ya Injili yamefungamana na muujiza, huwezi kuondoa kimoja kingine kikabaki kizima.

Kasoro ya pili ni ya wasomaji wanaomwita Jefferson mdeisti halisi bila kusita. Hukumu ya kondoo na mbuzi, ya siku ya mwisho, ameibakiza. Mwaka 1819 aliandika kwamba yeye ni dhehebu la peke yake, na katika barua kwa John Adams, rais wa 2 wa Marekani, mwaka 1823 alitetea nguvu inayoendelea kuutunza ulimwengu. Huyo si Mungu ambaye udeisti huhusishwa naye, aliyeumba kisha akakaa pembeni. Kwa hiyo kisome kama mfano wa akili ikipima maandiko. Kama katekisimu ya udeisti kitakupotosha.

Kuhusu kununua: matoleo mengi ya bei nafuu yana Kiingereza pekee, kimepangwa upya. Humo hutaona safu nne wala alama za kisu, na hizo ndizo zinazokipa kitabu thamani. Kama bajeti haifiki, tovuti ya Smithsonian ina kurasa zote bure, na unaweza kuzikuza hadi uone pale karatasi ilipokatwa.