Nimeuziwa Enterprise Plus, nikaikuta ile ya bure

Kama kuna mtu kakufungia VMware ESXi ofisini, ile programu inayogawa seva moja iwe mashine pepe kadhaa, yaani kompyuta ndani ya kompyuta, halafu akaondoka na nenosiri la root, akaunti yenye mamlaka yote, mpigie leo. Usingoje umeme ukatike.

Mimi nashika ofisi kwenye kiwanda kidogo cha minofu ya sangara hapa Ilemela. Seva yetu ni moja, ndani yake kuna mashine pepe tatu: ya mizani, ya stoo na ya hesabu. Aliyetufungia ni jamaa wa kampuni moja ya hapahapa mjini. Kwenye ankara aliandika kwa herufi kubwa ENTERPRISE PLUS, daraja la juu la leseni, na bei yake ilimfanya mzee avue miwani. Nikamwomba nenosiri. Akacheka. "Dada, wewe kaa na risiti zako, huku utachanganyikiwa." Mbele ya vijana wa mizani! Nilimeza, ila sikusahau.

Miezi ikapita. Alfajiri moja umeme ukakatika, jenereta ikagoma kidogo, seva ikazima. Umeme uliporudi seva yenyewe iliwaka vizuri tu, lakini mashine pepe hata moja haikukubali kuwashwa. Magari ya samaki kutoka mialoni yamepanga foleni getini, barafu inayeyuka, karani anaandika kilo kwenye kipande cha boksi. Nampigia jamaa, hapokei. Alipokuja kupokea akasema tumechezea. Tumechezea nini, na nenosiri unalo wewe?

Mpaka mzee aliposhika simu mwenyewe ndipo nenosiri likatoka. Nikafungua ukurasa wa seva kwenye kivinjari, nikaingia Manage, kisha Licensing. Evaluation Mode, yaani hali ya majaribio. Sehemu ya namba ya leseni ni sifuri tupu, na tarehe ya mwisho ilishapita zamani.

ESXi ya toleo la 7, kama yetu, ukiifunga bila kuweka leseni hukupa siku 60 za majaribio, na kwa siku hizo mambo yote ya daraja la juu yako wazi. Ndiyo maana siku ya makabidhiano kila alichobonyeza kilikubali. Zikiisha, mashine zilizokwisha kuwashwa zinaendelea na kazi, ila ukizizima huziwashi tena. Kumbe muda wote ule tulikuwa tunaishi kwa hisani ya umeme.

Mchana akaja, shati limenyooka, akaingiza leseni nyingine, mashine zikaamka. "Enterprise Plus hiyo, dada, tulia." Alipotoka tu nikarudi palepale kwenye Licensing. Pameandikwa vSphere 7 Hypervisor. Hilo ndilo jina la ile ya bure. Ya bure, jamani! Ingekuwa ya kulipia, hapohapo pangesomeka Standard au Enterprise Plus. Asiyependa kubonyezabonyeza aingie kwenye seva kwa SSH, njia ya kuiandikia amri ukiwa mbali, aandike vim-cmd vimsvc/license --show, jina la leseni litatoka lenyewe. Na msidanganywe na amri ya vmware -v, maana ndiyo jamaa aliyonipa nilipombana kwenye simu. Ile inataja namba ya toleo na ya bildi (build), daraja la leseni haligusi kabisa. Ni kama kumuuliza mtu gari lake lina bima gani, akakusomea mwaka lilipotengenezwa.

Na hiyo ya bure ina pingu zake. Haiungi na vCenter, programu ya kusimamia seva nyingi pamoja, mashine pepe moja haipewi zaidi ya vCPU 8 (vichakataji pepe), na API yake, mlango ambao programu nyingine hupitia, ni ya kusoma tu, kwa hiyo programu za kuhifadhi nakala zinaishia mlangoni. Usiku uleule nakala ya hesabu ikakataa. Ushahidi gani mwingine nitafute?

Kumweleza hivyo, akaniletea habari za Broadcom. Ni kweli, Broadcom walikamilisha kuinunua VMware Novemba 2023, Desemba wakasitisha leseni za kudumu, Februari 2024 hata ile ya bure wakaiondoa, ikaja kurudi Aprili 2025. Nimeyasoma yote. Hakuna hata moja kati ya hayo linalomruhusu mtu kuniuzia kwa mamilioni kitu kilichogawiwa bure.

Asubuhi ile nilikuwa tayari kuipa programu nyota moja. Sasa naipa nne, kwa sababu nilipoiuliza ni nani, ilinijibu bila kuzunguka. Jamaa nilitaka kumpa mbili. Nyaya alizipanga vizuri, lazima niseme, na kabati la seva halina vumbi. Nilikuwa nimeshaziandika. Halafu juzi akanitumia ujumbe: "Dada yangu, haya tuyamalize sisi wawili, mzee asijue."

Leo ndiyo nimekuwa dada yake. Futa hizo mbili, weka sifuri. Picha ya skrini ninayo, ankara ninayo, na mzee ameshajua.