Daftari la maombi la miaka mitano: maoni yangu baada ya kulijaza lote

Daftari hili nimelimaliza mwezi uliopita, kwa hiyo naandika kama mtu aliyekaa nalo miaka mitano. Nililinunua kwa sababu ya kaka yangu. Aliondoka nyumbani kwa hasira, akabadilisha namba ya simu, na mpaka leo hatujui alipo. Wakati nalinunua ilikuwa imeshapita miaka minne, na nilikuwa nimeishiwa maneno ya kuombea.

Kila tarehe ina ukurasa wake, jumla kurasa 366. Kila ukurasa umegawanywa mafungu matano, fungu moja kwa kila mwaka, na kila fungu lina mistari minne. Unaandika leo, mwakani tarehe kama hii unaandika chini ya maneno yako ya mwaka jana. Pembeni mwa kila fungu kuna kisanduku kilichoandikwa "Limejibiwa". Jalada ni gumu, la kitambaa, na kuna utepe mmoja wa kuwekea alama.

Hiyo mistari minne ndiyo iliyonishikilia. Daftari kubwa lilikuwa linanishinda, kwa sababu ukurasa mzima mtupu unakudai maneno usiyokuwa nayo. Mistari minne unaijaza hata ukiwa hoi. Zaburi ya 13 yenyewe ina aya sita tu, na kufikia mwisho wa aya ya pili Daudi ameshauliza "hata lini" mara nne. Kuna majuma nilinakili maneno hayo mawili tu, nikazima taa nikalala.

Ukitaka kujua daftari linavyofanya kazi, tazama ukurasa wangu wa 14 Agosti, siku aliyozaliwa kaka. Mwaka wa kwanza nimejaza mistari yote minne kwa herufi za kubanana: Bwana, mrudishe kabla mwaka huu haujaisha. Mwaka wa pili kuna neno moja, "Bado". Mwaka wa tatu sikuandika kitu. Nakumbuka nilikaa nimeshika kalamu, kisha nikafunga. Wa nne: "Nimemwota anacheka." Wa tano: "Leo sijaomba arudi. Nimeomba akiugua awepo mtu wa kumpa maji." Nilipousoma ukurasa ule kutoka juu hadi chini nililia sana. Nilikuwa nimeamini kwamba imani yangu ilikufa mwaka ule wa tatu, kumbe chini ya pale patupu niliandika tena, na nikaomba kitu nisichokuwa na uwezo wa kukiomba mwanzoni. Bila daftari nisingejua kabisa. Kumbukumbu yangu ilikuwa imehifadhi ule utupu peke yake.

Nisichokipenda ni kile kisanduku. Siku ukiwa umechoka, kukikuta kitupu mara tano kwenye ukurasa mmoja kunaumiza kama mtu anayekuuliza swali mbele za watu. Ibrahimu alitoka Harani akiwa na miaka 75, Isaka akazaliwa baba yake akiwa na 100. Angekuwa anaandika humu, angejaza madaftari matano kabla ya kutia alama moja kwa ajili ya mwana wa ahadi.

Na mwanzoni mwa kila mwezi waliolitengeneza wamechapa sentensi ya kutia moyo, kama ile ya Machi: "Jibu lako liko mlangoni." Najua nia yao ni njema. Lakini Machi ilipita, na Machi nyingine zikapita, na sentensi ni ile ile. Nilibandika karatasi juu yake, nikaandika maneno ya Habakuki, "ijapokawia, ingojee", kwa sababu nabii huyo amekiri kwanza kwamba jambo linaweza kukawia. Vilevile kisa cha Yusufu. Mnyweshaji wa Farao, aliyekuwa amefungwa pamoja naye, alimsahau gerezani, na kitabu cha Mwanzo kinasema tu "mwisho wa miaka miwili mizima". Kwa msomaji ni maneno matano. Yeye aliilala usiku mmoja mmoja, kama mara 730. Mahali pa kuziandikia siku za namna hiyo ndipo daftari hili linapofaa.

Upande wa ubora, karatasi ni nyepesi na kalamu ya wino inapenya upande wa pili, kwa hiyo tumia ya risasi au ya kawaida. Kurasa zimegandishwa kwa gundi tu, hazikushonwa. Mwaka wa tatu za Machi zilianza kutoka. Kitu kilichokusudiwa kukaa miaka mitano hakikupaswa kutengenezwa hivyo.

Simshauri alinunue mtu aliyepata pigo juzi; mwache kwanza alie. Anayeombea mtihani wa mwezi ujao pia halimfai. Ila kama una jambo ambalo watu wameshaacha kukuuliza limefikia wapi, nunua. Mama yangu nimemnunulia la kwake, na hatuonyeshani tunachoandika.

Nalipatia nyota nne. Langu la pili nililipeleka kwa fundi viatu akalishona uti kabla sijaandika neno, na vile visanduku nimevifunika kwa vipande vya karatasi nyeupe. Ukurasa wa 14 Agosti una fungu moja lililojazwa, na manne yako wazi.