Vishale vya mashindano: ukiwa Tabora, badilisha nini kwanza?

Kishale cha mchezo wa kutupia ubaoni (darts) kina sehemu nne: ncha, mwili unaoushika, kijiti na bawa la mkiani. Wachezaji wengi wakinogewa na mchezo hukimbilia kununua mwili mpya, ule wa bei mbaya, ilhali kinachowakosesha tribo 20, ule ukanda mwembamba wa namba 20 unaohesabiwa mara tatu, kimekaa nyuma. Ndiyo maana orodha yangu inaanzia mkiani.

Namba moja, bila ubishi, ni mabawa na vijiti. Ni vya bei nafuu, na seti nzima inaingia kwenye bahasha, kwa hiyo hata ukimwagiza mtu Kariakoo havimsumbui safarini. Bawa pana hukamata hewa zaidi na kukituliza kishale mapema. Kama chako kinayumba njiani, anza hapo. Bawa jembamba halitulizi hivyo, ila linaacha nafasi. Tribo ina upana wa milimita 8 tu, na mara nyingi kishale cha tatu hugonga mabawa ya wenzake kikaishia kwenye 1 au 5, namba jirani za 20. Anayefaidi bawa jembamba ni yule ambaye vishale vyake tayari vinakaa pamoja. Anayetawanya bado, asilinunue.

Kijiti kirefu husogeza uzito nyuma na kusaidia utulivu. Kifupi huusogeza mbele. Chukua vya nailoni vya urefu wa kati kwanza. Vya alumini havivunjiki ovyo lakini hupinda, na upindaji wake huuoni mpaka ukiviringishe juu ya kioo. Vikilegea kila mara, usivikaze kwa koleo. Pachika oringi ndogo, yaani kipete cha mpira, kati ya kijiti na mwili. Halafu usijaribie mabawa mapya nje chini ya mwembe, upepo utakudanganya.

Namba mbili ni ncha, na hapa huenda usitoe hata shilingi. Ncha butu hudunda kwenye waya zinazogawa ubao. Iliyochongwa kama sindano nayo hujikunja, ikawa inang'oa nyuzi za ubao kila ukiichomoa. Iviringishe taratibu kwenye jiwe la kunolea, iwe kali kiasi na ya mviringo. Ubao mzuri ni wa nyuzi za mkonge, zao lililoingia Tanga mwaka 1893. Nyuzi hizo hujifunga tundu kishale kikitoka, mradi hukuzirarua. Wala usiulowanishe, hata fulani akikuambia maji yanaulainisha.

Mwili nimeuweka wa tatu. Tungsteni ni nzito zaidi ya mara mbili ya brasi kwa ujazo uleule, hivyo kishale cha gramu 24 cha tungsteni ni chembamba kuliko cha brasi chenye uzito huohuo, na vitatu vinaenea kwenye tribo moja. Tungsteni ya asilimia 80 inatosha kwa mchezaji wa klabu. 90 na 95 hupunguza unene kidogo na kuongeza bei sana. Uzito usiurukie: kama umezoea gramu 22, nenda 23 au 24. Kanuni zinaruhusu hadi gramu 50, lakini hiyo ni nondo. Angalia zaidi mikwaruzo ya kushikia. Mwezi wa kumi vidole vinatoa jasho, na mwili laini unateleza. Mikali kupita kiasi nayo huvuta kidole wakati wa kuachia. Kishike kabla ya kulipa. Na usimpelekee fundi wa kereza akupunguzie, maana kuvipata vitatu vilivyolingana ni bahati nasibu.

Mikoba, na mabawa yenye nembo ya klabu yako ya mpira: vya mwisho kabisa. Vinapendeza.

Kabla ya yote hayo, azima futi kamba. Katikati ya jicho, kile kiduara cha kati cha ubao, pawe sentimita 173 kutoka sakafuni, na mstari wa kutupia sentimita 237 kutoka uso wa ubao. Wengi hupima kuanzia ukutani, wakasahau unene wa ubao, kisha wanalaumu vishale.